Kwa nini nimeanza na JavaScript
Kwa miezi miwili nilisitasita kati ya lugha tatu za kuandikia programu za kompyuta, PHP, Python na JavaScript, kwa kuwa kila niliyemwuliza alinisifia lugha anayoitumia mwenyewe. Hatimaye nilipitia matangazo ya kazi za kutengeneza tovuti hapa Dar es Salaam, nikaandika daftarini kila ujuzi uliotajwa, na JavaScript ikajirudia kuliko nyingine zote. Lugha hiyo, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, hueleweka na vivinjari vyote vikuu, na tangu Node.js, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, ilipotoka mwaka 2009 imeenea hata upande wa seva, yaani kompyuta zinazohifadhi na kutuma tovuti. React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, nimeiahirisha kwa makusudi. Nataka kwanza niweze kupanga ukurasa kwa HTML (lugha ya kuweka maudhui) na CSS (lugha ya kupamba mwonekano) ukasomeka vizuri kwenye simu ndogo, maana wengi wa wateja ninaowalenga hawana kompyuta.