Maombi matatu ya Eliya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kama Baba anajua tunachohitaji kabla hatujamwomba (Mathayo 6:8), kuomba kunabadili nini? Wiki hii tumtazame nabii Eliya, ambaye Yakobo anasema alikuwa mwanadamu mwenye tabia moja na sisi (5:17).

Katika 1 Wafalme 18:1 Mungu anamwambia wazi kwamba ataleta mvua. Ahadi imekwisha kutoka. Lakini ukifika mstari wa 42 unamkuta juu ya mlima Karmeli, uso kati ya magoti, akiiomba mvua hiyohiyo. Mungu aliamua kuileta, na aliamua pia ije kwa njia ya maombi. Hata ukame uliotangulia mvua hiyo ulikuwa na andiko: Kumbukumbu la Torati 11:16-17 lilishaonya kwamba Israeli wakiabudu miungu mingine mbingu zitafungwa. Hapa ndipo maombi yetu mengi hulegea. Tunafunga, tunakesha, sauti zinakauka, na hatujauliza tumeshika neno gani. Siku hiyo hapo Karmeli, Eliya na manabii wa mungu Baali walishindana kuona ni mungu yupi angejibu kwa moto. Manabii wa Baali walilia tangu asubuhi. Ombi la Eliya la moto ni mistari miwili tu, wa 36 na wa 37.

Moto ulishuka papo hapo. Mvua je? Siku ileile, mlima uleule, mwombaji yuleyule, na mtumishi wake anatazama baharini na kusema, "Hakuna kitu." Mara ya saba ndipo kinaonekana kiwingu kidogo kama mkono wa mtu. Basi tusimwambie anayesubiri kwamba imani yake ni haba. Maneno hayo yanawaumiza wagonjwa na waliofiwa, na sura hii inayakataa.

Chagua hitaji moja. Tafuta andiko linalolihusu, lisome kwa sauti, kisha omba kwa maneno machache ukitaja jambo lenyewe: jina la mgonjwa, kiasi cha ada, siku ya kesi. Andika tarehe kwenye daftari. Ukiomba tu "utubariki sote", hutajua utazame wapi kuliona wingu. Usipopata andiko, omba hata hivyo, ukimwachia Mungu mapenzi yake. Jichunguze pia kwa Yakobo 4:3, maana kuomba ili kulisha tamaa zetu ni kuomba vibaya. (Na mgonjwa asiache dawa. Mfalme Hezekia aliahidiwa kupona, na bado nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, 2 Wafalme 20:7.)

Ombi la tatu liko sura ya 19. Eliya amechoka, ameketi chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Hili Mungu hakumpa. Alimwacha alale, akamtuma malaika mara mbili kumwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa na anywe maji ya gudulia, kwa kuwa safari ya siku 40 ilikuwa mbele yake. Na mtu huyo aliyeomba kifo hakukionja kamwe: alipaa mbinguni katika upepo wa kisulisuli (2 Wafalme 2:11).