So iliyogeuka mi

Jumamosi iliyopita Jangwani, hapa Dar es Salaam, kulijaa maji tena. Binti ninayemfundisha muziki kwa ajili ya mtihani wa kimataifa alifika hapa Upanga saa nne na nusu badala ya saa tatu, viatu mkononi. "Shikamoo Mwalimu. Nisamehe, mwendokasi zimesimama, imebidi nizungukie Kigogo." Nikampa kanga ajifute, nikammiminia chai, tukakaa kwenye piano. Mvua ilikuwa bado inapiga mabati ya jirani, na kazi yetu ya siku ile ilikuwa Preludi namba 15, kipande kifupi cha piano cha mtunzi Chopin, ile iliyobandikwa jina la Tone la Mvua. Nilijua atakachoniandikia kabla hajashika kalamu.

Na kweli: "Noti inayojirudia ni matone ya mvua. Muziki unatia huzuni."

Sentensi hizo mbili nimezikuta kwenye madaftari mengi mno. Si za uongo. Shida yake ni kwamba mtu aliyesoma jina tu, bila kusikia hata noti moja, angeandika vilevile. Mtahini atazipaje alama? Ndiyo maana nawaomba wanafunzi wangu wafunike jina kwa karatasi, wasikilize kwanza.

Tena jina lenyewe Chopin hakulitoa yeye. Majira ya baridi ya 1838 kuingia 1839 alikuwa kisiwani Majorca, kifua kinamsumbua, amepanga vyumba kwenye monasteri ya Valldemossa pamoja na mwandishi George Sand na watoto wake wawili. Sand alisimulia baadaye kwamba usiku mmoja wa dhoruba alirudi akamkuta Chopin anapiga preludi huku analia. Alipomwambia asikilize matone yanayodondoka juu ya paa, Chopin alikataa katakata kwamba ameyaiga. Na Sand hakutaja ni preludi ipi kati ya zile 24. Mwanafunzi akijua hayo anaacha kuegemea jina, anaanza kuutafuta muziki.

Sasa, huyu binti ni mwanakwaya, anaimba alto parokiani kwao Magomeni. Solfa, ile ya do re mi, anaisoma kama anavyosoma meseji. Lakini kwangu alikuwa anaificha, kwa sababu mahali fulani aliambiwa kwamba solfa ni mambo ya kanisani, na mtihani wa kimataifa unataka noti za mistari. Jambo hili linaniuma. Mimi mwenyewe niliimba do re mi kwa kufuata fimbo ya mwalimu wa kwaya ubaoni miaka mingi kabla sijagusa kinanda, na sikio nililonalo nililipata pale. Mtoto akija kwangu na sikio la namna hiyo, siwezi kumwambia aliache mlangoni.

"Niimbie mwanzo," nikamwambia. Akaimba bila kusita: mi, do, so, sauti ikishuka taratibu. "Na mkono wa kushoto unasema nini?" Akasikiliza. "So. So, so, so, haiachi."

Tukaruka hadi kipimo cha 28, yaani kisehemu cha 28 kati ya mistari ya wima, pale muziki unapohama. Nikamwambia abonyeze noti inayojirudia huko. Inaandikwa G-shapu. Ile ya mwanzo inaandikwa A-flati. "Tazama kidole chako kiko wapi." Akatazama. Kibonyezo kilekile cheusi, ambacho kwenye piano yangu hukwama kidogo masika kwa sababu ya unyevu, kwa hiyo anakifahamu vizuri. "Endelea kukipiga, uimbe." Akaanza: so, so, so. Nami nikaingiza bezi chini yake, polepole, kama Chopin alivyoandika.

Akanyamaza. Kidole kiliendelea.

"Mwalimu, si so tena. Imekuwa mi."

Ningeweza kumkumbatia. Preludi ilianza D-flati meja, sasa iko C-shapu maina, ngazi yenye rangi ya huzuni, na ile noti haijasogea hata unywele. Kwenye solfa meja inakaa juu ya do na maina juu ya la, kwa hiyo noti ileile ikaacha kuwa so ikawa mi. Kwa maneno ya karatasi ya mtihani, pande zote mbili ni dominanti, yaani hatua ya tano, ndiyo maana Chopin aliweza kupita bila mshono kuonekana. Ila neno dominanti peke yake halimwambii mtoto kilichobadilika. Sikio la kwaya linamwambia: jirani ni yuleyule kwenye kiti kilekile, lakini nyumba imepata msiba.

Baada ya hapo mengine yalikuja yenyewe. Aliona kwamba melodi imeshuka kwenye bezi na noti ya kujirudia imehamia mkono wa kulia. Aliona inaanza kwa sauti ya chinichini, inapanda mpaka fotisimo, yaani kwa nguvu sana, na kwamba kwenye kilele ile noti inapigwa kwa oktava, pamoja na mwenzake wa jina lilelile. Kila alichokiona alikisema kwa Kiswahili, kisha akanionyesha kipimo, na mwisho kabisa tukatafuta neno la Kiingereza la kuandikia. Nimejaribu kuanza na maneno, wakakariri orodha nzima wasijue wapi pa kuibandika.

Neno Kiromantiki, linalotajwa kwa muziki wa Chopin, nalo linahitaji dakika zake tano, maana wengi wanadhani ni muziki wa wapenzi. Nawaambia ni kipindi ambacho watunzi waliipa hisia ya mtu mmoja nafasi ya mbele. Ukitaka kuona hilo katika preludi hii, angalia umbali kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa ndani ya wimbo wa dakika tano au sita, na jinsi pedali inavyoachia sauti zichanganyike.

Karibu saa sita mvua ilipungua. Tulikuwa tumefika mwisho, sehemu ya kwanza imerudi ikiwa fupi, na nilikuwa nimechoka kidogo, sikutaka kuongeza kitu. Yeye ndiye aliyeweka kidole kwenye ukurasa. Karibu na kumaliza, ile noti inakatika, na melodi inabaki peke yake juu, kwa nguvu, haina kitu chini yake.

"Hapa imenyamaza. Wimbo wote haijawahi kumwacha mwenzake namna hii."

"Inarudi?"

Akafuata kwa kidole. "Inarudi. Kwa sauti ndogo sana. Ni so."

Akachukua daftari, akafuta zile sentensi mbili za asubuhi, akaanza kuandika kuhusu hapo.