Kuzima Swichi Hakuzuii Radi

Ngurumo zikianza, wengi huzima televisheni kwenye swichi ya ukutani wakadhani kazi imeisha. Swichi iliyozimwa huacha upenyo wa milimita chache tu ndani yake. Hewa huhimili takriban volti 3,000 kwa kila milimita, na radi imeshapasua kilomita nzima za hewa kabla ya kufika kwako. Milimita 3 haziibabaishi. Isitoshe, swichi nyingi hukata waya wa moto peke yake, nyutro (waya wa kurudishia umeme) ikabaki imeungwa. Plagi ichomolewe kabisa na iwekwe mbali na soketi.

Kisha zipo nyaya ambazo watu huzisahau: ule wa dishi au antena, wa simu ya mezani, wa intaneti. Radi ikipiga mti wa jirani tu, nguvu yake ya sumaku huamsha umeme ndani ya waya wowote mrefu. Umeme huo hushuka kwenye waya wa dishi, huingia kwenye king'amuzi, huvuka kwa kebo ya picha ya HDMI hadi kwenye televisheni, ukitafuta njia ya kwenda ardhini. Kwa hiyo kuchomoa plagi na kuacha waya wa dishi ni nusu ya kazi. Faiba yenyewe ni kioo, haipitishi umeme, ila ruta yake bado inategemea soketi.

Fanya haya mapema. Sauti huchukua sekunde 3 hivi kusafiri kilomita moja. Ukihesabu kuanzia mmweko, ngurumo ikafika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Hapo acha vyombo vilivyo, usiguse plagi wala waya. Televisheni hununuliwa nyingine.

Na ukiwa haupo nyumbani? Watu hutegemea ekstensheni yenye kinga, na hapa ndipo udanganyifu ulipojaa. Kinachofanya kazi ndani yake ni varista, kidude bapa cha mviringo chenye miguu miwili, mara nyingi kimeandikwa kitu kama 14D431K: kipenyo cha milimita 14, na huanza kupitisha umeme kwenye volti 430 hivi. Kwa umeme wa volti 230 hicho kinafaa. Ekstensheni nzuri huwa na varista tatu: kati ya moto na nyutro, moto na ethi (waya wa kwenda ardhini), nyutro na ethi. Nyingine ukizifungua unakuta moja tu, au taa na swichi bila chochote. Varista huchakaa kila inapomeza pigo, ndiyo maana ipo taa ya kuonyesha kinga. Ikizimika, soketi zinaendelea kutoa umeme kama kawaida lakini kinga imekwisha. Badilisha.

Bila ethi, varista mbili kati ya hizo tatu hazina pa kumwaga umeme. Mwambie fundi apime ukinzani wa ardhi kwa kipimo chake maalumu. Multimita ikionyesha volti 230 kati ya moto na ethi, inathibitisha kwamba waya umeungwa, si kwamba unaweza kubeba pigo kubwa. Dishi nalo lisichimbiwe chuma chake cha pekee cha ethi kisichounganishwa na cha nyumba. Radi ikipiga, vyuma hivyo viwili huwa na volti tofauti, na televisheni yako ndiyo inakuwa daraja kati yake.

Kinga ya ndani ya boksi la sakitibreka ni bora kuliko ekstensheni, mradi fundi asiache nyaya za kuiunganisha zikiwa ndefu na zimejikunja. Jumla ya urefu wake isizidi sentimita 50, maana kila kipande cha ziada huongeza volti zinazofika kwenye vyombo.

Friji gadi, kile kifaa cha kulinda friji, ni habari nyingine. Inakata volti zikishuka au kupanda mno, na hungoja dakika 3 hadi 5 umeme unaporudi ili presha ya gesi kwenye kompresa itulie. Lakini swichi yake huhesabu kwa milisekunde (sehemu za elfu za sekunde), pigo la radi kwa maikrosekunde (sehemu za milioni). Linapita kabla haijashtuka. Varista nayo ina udhaifu wa kinyume: ni ya haraka lakini haina subira. Nyutro ikikatika kwenye laini ya fezi tatu, volti 230 zaweza kupanda kuelekea 400 kwa dakika kadhaa, na varista kama ile ya 14D431K, ambayo huhimili mfululizo umeme wa nyumbani wa hadi volti 275 tu, itachemka, hata kushika moto. Usiiweke ekstensheni hiyo chini ya zulia au nyuma ya pazia.