Karanga za Jeevanjee

Basi la usiku kutoka Mombasa lilitutua River Road saa kumi na moja alfajiri, na mimi, kama ilivyo ada ya watu wa pwani, sweta nimeisahau nyumbani. Nikajitanda leso mbili, nikaingia kibanda cha kwanza chenye taa na kukaa juu ya kikombe cha chai ya maziwa mpaka kukapambazuka.

Shughuli yangu ya mjini ilikuwa saa nne, na ingeweza kungoja hata wiki ijayo. Lakini tiketi niliikata makusudi iangukie Machi 16.

Tarehe hiyo mwaka 1922, siku ya Alhamisi, maelfu ya watu walijaa mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi wakitaka Harry Thuku aachiliwe. Thuku alikuwa akifanya kazi ya simu katika Hazina ya serikali, na mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameanzisha chama cha East African Association. Alikemea kipande, kitambulisho ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nacho, kodi ya kibanda iliyopandishwa hadi shilingi 16 wakati walowezi wanakata mishahara kwa theluthi, na wasichana kuswagwa kwenda kufanya kazi za lazima. Wakoloni wakamkamata tarehe 14. Baadaye walimpeleka Kismayu, ambayo zama hizo ilikuwa bado chini ya Kenya, na hakurudi kwao mpaka miaka karibu tisa ilipopita.

Nilivuka Tom Mboya, nikavuka Moi Avenue, nikaingia bustani ya Jeevanjee. Wahubiri walikuwa hawajafika, shukrani kwa Mungu wao. Chini ya mti palikuwa na bibi mmoja anapanga karanga zake kwenye beseni.

"Shikamoo, shosho."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Marahaba! Wewe umetoka Mombasa."

"Umenijuaje?"

"Hiyo shikamoo. Hapa watoto wananiambia niaje."

Alinipimia karanga za shilingi ishirini ndani ya ukurasa wa daftari la shule uliosokotwa kama pembe. Kwa nje ilionekana hesabu ya mtoto, imepigwa mkasi kwa wino mwekundu. Nikamuuliza kama amjua Muthoni Nyanjiru.

Mkono wake ulisimama juu ya beseni. "Yule wa kuinua nguo? Mama yetu alitusimulia." Akaangalia huku na huku, akashusha sauti. "Sisi Wakikuyu tunaita guturama. Usifikirie ni matusi. Mama mzima akikufanyia hiyo, hiyo ni laana, umeisha."

Kwetu pia mtu haulizi mara mbili mambo kama hayo. Nikanyamaza.

Siku ile viongozi sita walikwenda kuonana na Bowring, Katibu wa Koloni, wakarudi kuwaambia watu watawanyike. Baadhi walianza kuondoka. Ndipo Nyanjiru akaipandisha nguo yake hadi mabegani, akawapigia kelele wanaume: chukueni gauni langu, nipeni mimi suruali zenu, mnangoja nini na kiongozi wetu yumo humo ndani? Wanawake wenzake wakapiga vigelegele. Umati ukasonga mbele hadi kwenye singe za askari, risasi zikalia, na yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu maiti 21. Hesabu ya wenyeji ilipita 50. Tena askari wale waliofyatua walikuwa Waafrika, jambo ambalo hunikaa kooni kila nikilisoma.

Nikashika Muindi Mbingu hadi University Way. Kituo cha Central kiko pale pale kwenye kona. Simu niliitia mkobani. Hakuna asiyejua kwamba kituo cha polisi hakipigwi picha. Magari yamesongamana, makanga wanagonga bodi, wanafunzi wa chuo wanavuka kwa mbio. Nilitafuta kibao au jiwe lenye jina la Nyanjiru, sikuona. La Thuku lipo kwenye barabara, na ndiyo niliyoifuata.

Nilianza kula karanga moja moja nikitokea kwenye kona ya kituo. Nilitaka kujua jambo dogo tu. Walioshuhudia walisema wazungu waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk nao walifyatua bunduki, watu wakipigwa kwa mgongo wanakimbia. Hoteli hiyo ilifunguliwa mwaka 1904, na walowezi ndiko walikokuwa wakinywa na kusengenya serikali. Siku zote nikisoma habari hiyo nilikuwa nikiwaza umbali: walionaje? walilengaje?

Nikatafuna, nikatembea, nikatafuna. Mara Jumba la Michezo ya Kuigiza liko upande mmoja wangu, na upande wa pili hoteli. Nikachungulia ndani ya kikaratasi. Karanga hazijafika hata nusu.

Nikasimama pale kando ya barabara nikazimaliza, nikageuka kuitazama ile kona nilikotoka. Mtu aliyekuwa akivuka kule, rangi ya shati lake niliiona wazi.