Bamba lilikuwa juu chini: mimi na mashine ya wembe ya babu

Mimi si kinyozi. Nakaa mapokezi kwenye hoteli moja hapa Tanga, kazi ambayo uso ndio sare, na kwa miaka kumi na kitu uso wangu, kuanzia taya kushuka shingoni, ulikuwa kama ganda la fenesi. Vipele vitupu. Vingine vyeusi, vingine vina usaha, vingine vinangoja nivae shati jeupe ndipo vitoe damu kwenye kola.

Meneja hataki ndevu. Mjomba wangu, ambaye zake zimefika kifuani, aliniambia dawa ya vipele ni moja tu, kuacha kunyoa, na juu yake unapata thawabu. Sikumbishia. Hata leo nakubali kwamba hiyo ndiyo dawa ya kweli, maana unywele ukiachwa ukarefuka hauna tena haja ya kuichoma ngozi. Ila mjomba ana duka lake mwenyewe.

Basi nikapita kote. Kinyozi alikuwa ananishusha na mashine ya umeme mpaka kwenye nyama, halafu ananimiminia spiriti, nikiruka kwenye kiti anacheka: "Ikiuma ujue inafanya kazi, kaka." Uongo mtupu. Ilikuwa inakausha ngozi ambayo tayari ina vidonda, basi. Nikahamia unga wa kunyolea, ule wa kukoroga na maji unaonuka mayai viza. Ule unafanya kazi, siukatai, lakini una dakika zake. Siku moja nimeshapaka shavu la kushoto, naanza la kulia, simu ikaita. Mama mkwe. Sasa mama mkwe utamkatiaje simu? Nikafuta la kulia ili niweke simu sikioni, tukaulizana hali ya watu wote wa Pangani mmoja mmoja. Nilipokuja kuosha, shavu la kulia lilikuwa salama na la kushoto limebabuka kama nimemwagiwa uji. Wiki nzima nilikuwa napokea wageni nimekaa upande.

Baada ya hapo nikanunua mashine ya kisasa yenye nyembe tano kwenye kichwa kimoja. Bei yake naisema kwa uchungu, vichwa vya kubadilisha tu vilikuwa vinakula elfu ishirini na zaidi. Siku ya kwanza nilijipapasa kidevu kutwa nzima, laini kama yai. Siku ya tatu fenesi limerudi, tena limezaa. Kisa chake nilikuja kukielewa baadaye sana: ndevu za watu wengi wetu ni za kipilipili. Wembe wa mbele unauvuta unywele, wa nyuma unaukata, kisha unywele unarudi chini ya ngozi. Ukianza kuota tena, ncha yake iliyochongoka inapinda na kuchoma nyama kutoka ndani, au inatoka nje kidogo halafu inarudi ndani kama ndoana. Kumbe ule ulaini niliokuwa naupapasa ndio ugonjwa wenyewe!

Mashine ya babu niliipata kwa bahati. Babu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huko Muheza, mtu wa suruali yenye mkunjo na kidevu kinachong'aa mpaka anazikwa. Bibi alipokuwa akihamia kwa shangazi alinipa bati la biskuti, ndani mna miwani isiyo na kioo, stakabadhi za zamani, na mashine ya kunyolea ya Gillette ya vipande vitatu: kofia, bamba na mpini. Chini ya bamba pamechorwa kwamba imetengenezwa Uingereza. Ilikuwa na ukoko wa kijani, nikaisugua kwa mswaki wa zamani na dawa ya meno, ikarudi kuwaka. Wembe wa dukani wa kuwili, huu huu tuliokuwa tunachongea penseli shuleni, ukaingia sawasawa. Mashine ya miaka ya ukoloni na wembe wa juzi, na matundu yanakutana!

Jamaa aliyebuni kitu hiki, King Camp Gillette, alikuwa mchuuzi wa kusafirisafiri huko Marekani. Mwaka 1903, mwaka wake wa kwanza wa biashara, aliuza mashine 51 na nyembe 168. Mwaka mzima! Nataja hesabu hiyo kwa sababu ilinifariji sana kwa yale yaliyofuata.

Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, zamu inaanza saa moja. Nimepaka sabuni ya kuogea. Kila mtu niliyemuuliza alikuwa na ushauri, na ushauri wao ulikuwa mmoja: bonyeza. "Wembe ni mmoja tu huo, usipobonyeza hautatoa kitu." Nikabonyeza. Mstari wa kwanza ulitoa mlio kama mtu anapara samaki. Wa pili ukatoa damu. Kwenye koromeo nikafanya jambo ambalo silitaki hata kwa adui yangu, niliiburuta mashine kwa upande, kama unavyoburuta kisu juu ya mkate, na nikajichanja chale ambayo mganga angeionea wivu. Nilifika kazini na vipande saba vya karatasi ya chooni vimegandia shingoni. Mgeni mmoja, mama wa makamo, akaniuliza kwa huruma kama nyumbani kuna amani.

Nikaendelea hivyo hivyo karibu wiki mbili. Ubishi tu. Nilijiambia babu aliweza, mimi nina nini?

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi cherehani, kibaraza chake kipo Ngamiani. Nilimpelekea suruali apunguze kiuno. Nikamwamkia, akaitika marahaba huku macho yake yapo shingoni kwangu, akauliza nimegombana na paka gani. Nilipomwambia ni mashine ya wembe alisimamisha cherehani. "Kesho niletee niione."

Nikaipeleka ikiwa na wembe ndani kama nilivyoifunga. Akaishika juani, akaigeuza, akacheka mpaka akavua miwani. Bamba lilikuwa juu chini! Lile bamba lina mgongo uliobinuka, na mgongo huo unatakiwa uutazame wembe, ili ukikaza mpini, kofia iupinde wembe juu yake na makali yatulie. Mimi mgongo nilikuwa nimeuelekeza kwenye mpini. Wembe ulikuwa umelala bapa, wazi, haujashikwa popote pembeni, ukigusa unywele unatetemeka. "Mjukuu wangu," akaniambia, "wewe ulikuwa hunyoi, ulikuwa unapiga zeze."

Akaifungua, akaipanga upya, akanionyesha makali yanavyochungulia kidogo tu, sawa pande zote mbili. Kisha akanifundisha kushika. Usiishike kama nyundo. Shika mpini karibu na mwisho, kwa vidole, kama umeshika kijiti cha udi kinachofuka. Kichwa cha mashine kina uzito wake, huo unatosha. Laza kofia shavuni mpaka wembe usiguse kitu, halafu inua mkono polepole mpaka usikie unywele wa kwanza unakatika. Papo hapo, usiongeze. Watu wa vipimo wanasema ni nyuzi kama 30. Fundi anasema ni pale unaposikia "kri kri kri" ndogo. Ukisikia kimya umelaza mno, ukisikia kwaruu umesimamisha mno.

Kesho yake nilinyoa bila tone la damu. Nilitamani kumpigia simu yule mama mgeni.

Lakini vipele vya shingoni viligoma. Ushauri wa pili wa watu wote ni kunyoa kinyume cha ndevu "ili zitoke zote", na huo ndio ushauri wa kuutupa baharini kabisa kama una ndevu za kipilipili. Unatakiwa kufuata zinakoelekea. Sasa zinaelekea wapi? Nilidhani zote zinaelekea chini, ndevu si ndevu? Nikaacha kunyoa siku tatu za mapumziko, nikachukua wanja wa mke wangu, ule wa kalamu, nikasimama mbele ya kioo. Napapasa kidogo, upande unaokwaruza ndiko kinyume, upande unaoteleza ndiko njia, pale pale nachora mshale. Mashavuni mishale ilishuka vizuri. Chini ya taya la kushoto ikaanza kwenda nyuma kuelekea sikioni. Shingoni kulia ilikuwa inapanda juu! Na karibu na koromeo pana sehemu kama shilingi ambapo zinazunguka kama maji yanayoingia kwenye mtaro. Miaka yote nilikuwa nashusha wembe pale kutoka juu, yaani nanyoa kinyume bila kujua, halafu nalaumu ngozi.

Mke wangu akafungua mlango, akanikuta nina mishale uso mzima. Alitazama kwa muda. "Baba we, hiyo ngoma inachezwa wapi nami nije?" Nikamwomba anisaidie sehemu za nyuma ya taya nisizoziona vizuri, akachora huku anacheka, na wanja akanidai mpya. Nikainakili ramani yote kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya kabati la bafuni. Kama utachukua jambo moja kwangu, chora ramani yako, ya mwenzako haikuhusu.

Sasa napita mara moja, nikifuata mishale. Panapobaki mabaki napaka povu tena na kupita mara ya pili kwa kukatisha, mashavuni tu, shingoni sigusi. Ukinipapasa utasikia kijiukwaruzo kidogo. Ndivyo inavyotakiwa, kimebaki juu ya ngozi, hakiwezi kuichoma kutoka ndani. Meneja akiwa upande wa pili wa kaunta haoni kitu.

Habari ya brashi inanitia aibu lakini nitaisema. Sabuni ya kuogea inakauka kabla hujamaliza shavu moja, nikapewa shauri la krimu ya tyubu na brashi ya kuivuruga kwenye kibakuli mpaka ipande povu zito kama la yai lililopigwa. Brashi nikaipata mtumbani, mpini wa mbao, elfu nne au tano. Nikaifurahia, inasugua vizuri, inasimamisha ndevu. Wiki ya pili rafiki yangu mmoja aliyekuja kuazima pasi akaisoma maandishi ya kwenye mpini, akaniangalia, akaniuliza kama najua zile ni nywele za mnyama gani. Nguruwe! Nilikuwa nimeusugua uso wangu kwa nguruwe kila asubuhi kwa wiki mbili, halafu naenda kuswali. Nilinawa uso siku hiyo mpaka mke wangu akauliza kama nimemwagiwa petroli. Kumbe brashi hizi zipo za nguruwe, zipo za mnyama wa jamaa ya nyegere, na zipo za nyuzi za kutengenezwa kiwandani. Sasa nina ya nyuzi, inakauka haraka na haina maswali. Kwenye povu naongeza matone mawili matatu ya gliserini ya duka la dawa, wembe unateleza kama upo kwenye mlenda. Hilo sikufundishwa na mtu, ni langu mwenyewe.

Nyembe si zote sawa, na hazikubali uso mmoja kwa namna moja. Shemeji yangu wa Maskati alinitumia mchanganyiko. Feather za Kijapani ni kali kuliko adabu yangu, niliziogopa. Astra zilinikaa vizuri sana. Za dukani hapa, zile za shilingi mia mia, zingine nzuri tu mara mbili tatu, na kwa bei hiyo unalalamikia nini? Wembe wangu mmoja nanyoa mara nne. Usiufute kwa taulo, unaua makali na unakata taulo. Fungua mashine, suuza, kung'uta, acha ikauke. Na wembe haukopeshwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Nikimaliza ni maji baridi ya mtungini, halafu jiwe la shabu, lile lile la wauza dawa za asili, nalipitisha uso ukiwa bado na maji. Linauma pale tu nilipokosea, kwa hiyo linanipa na alama za mtihani. Spiriti niliimwaga.

Ajali ya mwisho haikuwa yangu. Nilikuwa na Astra mpya niliyoiweka kwenye mashine Jumamosi. Jumapili asubuhi, mvuto wa kwanza tu, machozi. Nikadhani bamba tena. Nikafungua, liko sawa. Nikaenda sebuleni na povu usoni, nikamkuta mke wangu na mdogo wake wamekaa mkekani, katikati yao rundo la rasta zilizofumuliwa. Mke wangu alikuwa ameuchukua ule wembe, amekatia nyuzi za kichwa kizima, ameusuuza na kuurudisha kwa adabu zote. "Si nimeurudisha?" Sasa nyembe zake nimemnunulia, zinakaa kwenye droo yake.

Zilizotumika nilikuwa nazitia kwenye kopo la maziwa nililolitoboa mfuniko, watoto wasizifikie. Fundi alipolisikia hilo aliniita mwendawazimu. Siku hizi kila baada ya wiki mbili nampitishia zangu zilizokwisha, nimezifunga kwenye karatasi, anafumulia mishono. Wiki iliyopita aliipima moja kwenye uzi wa jinzi, ukakatika kwa kuguswa tu, akatikisa kichwa.

"Babu yako," akasema, "hii angeinyolea mwezi."