Siku moja na tundu la jicho lililovunjika

Saa 1 asubuhi, raundi wodini. Waliopasuliwa jana nawauliza lile lile: unaona vidole vingapi? Mfupa husubiri. Damu ikijikusanya nyuma ya jicho haisubiri, mtu anaweza kupofuka ndani ya saa chache.

Kliniki saa 3: ngumi, mipira, ajali. Inapita.

Saa 5 wanaingia wawili. Mmoja mtu mzima, jicho limevimba hadi halifunguki. Wa pili mvulana aliyepigwa kiwiko michezoni, jicho lake jeupe tu, ila anatapika na mapigo ya moyo yako chini. Alikotoka walidhani ameumia kichwa. Nikamwambia atazame juu. Jicho moja likapanda, lingine likagoma pale pale, akalia. Mfupa wa mtoto hupinda. Sakafu ya tundu, yaani mfupa ulio chini ya jicho, hufunguka kama mtego, ikarudi na kuubana msuli unaoligeuza jicho. Msuli uliobanwa hukosa damu ukaanza kufa. Huyu anapasuliwa leo leo.

Basi kaka wa yule mtu mzima akaja juu. "Daktari, ndugu yangu jicho limeziba kabisa, mnamkimbilia mtoto mzima?" Nikaeleza. Akamleta shangazi, nikaeleza upya. Nimeinua kope: anaona, mboni inaitikia mwanga, jicho linageuka pande zote. Shavu na mdomo wa juu vina ganzi kwa sababu mshipa wa fahamu hupita kwenye sakafu hiyo hiyo. Picha ya CT inaonyesha ufa mdogo, na nyufa nyingi za namna hii hazihitaji kisu. Uvimbe ukipungua tutampima tena. Jicho likizama, au akiendelea kuona vitu viwili viwili, tutaweka wavu wa titani, kwa kawaida ndani ya wiki mbili. "Ila asipenge kamasi!" Sijamaliza, amekwisha kupenga. Hewa ya puani ikapenya kwenye ufa, kope likafura. Nikiligusa linachakarika chini ya kidole. Kimya. Halafu kaka: "Kwa hiyo sasa ni dharura?" Si dharura, bwana!

Thieta na yule mvulana tuliingia saa ngapi sikumbuki, shingo ilikuwa inaniuma. Nikakata kwa ndani ya kope la chini, nikaachilia msuli, nikalishika jicho kwa koleo ndogo na kulivuta juu. Likapanda bila kukwama. Mama yake nikamwonya kwamba kuona viwili viwili kunaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha. Nesi atampima uwezo wa kuona usiku kucha.

Nje ya mlango, kaka yupo. "Daktari, sasa ni zamu yetu?"