Nilivyobadilisha triga ya bunduki yangu, na ushauri wote niliokataa

Nyie mnaosema triga nzuri, kile kifyatulio unachovuta kwa kidole, ni ile ukiipumulia tu inafyatuka, leo naomba mnivumilie. Nimeambiwa hivyo na shemeji yangu, nikaambiwa na jamaa wa kazini, nikaambiwa mpaka na mzee jirani ambaye sijawahi kumwona na bunduki hata siku moja, na wote wana uhakika huo utadhani wamezaliwa kiwandani.

Mimi niko Erie, Pennsylvania, kule theluji inakomwagika kama imelipwa. Bunduki yangu ya kuwindia ni Remington 700 ya zamani, ya risasi za .308, nimeinunua mkononi kwa mtu, bei ilikuwa nzuri mno nikajua tu hapa pana jambo. Ukitoa kitako unaziona zile skrubu tatu za triga, ya mbele chini ni ya uzito wa kuvuta, ya mbele juu ni ya kuzuia mwendo wa ziada baada ya kufyatuka, na ya nyuma ni ile ya jino linaloshika kigongeo, yani kile kinachogonga risasi. Zote tatu lakiri imebanduliwa, na moja kichwa kimeliwa na bisibisi. Yani fundi wa mtaani alishapita hapo akafanya yake akaondoka. Na pamoja na ufundi wote huo triga ilikuwa nzito balaa halafu inaburuza, unavuta inasogea, inakwama, unavuta tena, mpaka inafyatuka ushasahau ulikuwa unalenga nini.

Sasa ushauri. Shemeji: kata springi duru moja. Jamaa wa kazini: toa lile jino ulisugue kwa jiwe la kunolea mpaka ling'ae. Huyu wa pili mkimbieni kabisa. Ile pembe ya jino ukiibadilisha kidogo tu, bunduki inaweza kufyatuka unapofunga bolti (kile chuma cha mkono kinachoingiza na kutoa risasi) au unapotoa sefti (kile kifungo cha usalama), kidole chako kiko mbali. Mwaka 2014 Remington wenyewe walitangaza watu warudishe bunduki zenye triga za X-Mark Pro, zilizotengenezwa tangu 2006 mpaka Aprili 2014, na kisa ni gundi ya kuunganishia iliyozidi. Gundi tu jamani! Halafu wewe unakuja na jiwe la kunolea visu vya jikoni.

Yangu ni ya kabla ya 1982, hizo ukiweka sefti na bolti inafungwa, kwa hiyo ukitaka kutoa risasi lazima kwanza utoe sefti. Hiyo peke yake ilikuwa inaninyima raha. Triga mpya za kununua hazina huo mtego, unafungua bolti sefti ikiwa imewekwa. Nikasema basi, naweka mpya nzima, sichezi na skrubu za mtu nisiyemjua.

Kuchagua hakukunichukua muda kama watu wanavyofanya. Kuna Timney, wapo tangu 1946. Kuna TriggerTech za Kanada, ndani zina kirola kidogo ili vyuma visisuguane, na watu wanazisifu kweli. Kuna Jewell, hiyo wanaipenda wale wa kukaa mezani na kupiga tundu moja siku nzima, inashuka mpaka aunsi chache. Shemeji alitaka nichukue ya aunsi nane, yani nusu paundi. Nikamuuliza, shemeji, msimu wa kuwinda swala kwa bunduki huku unafunguliwa Jumamosi baada ya Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani ya mwisho wa Novemba, nimevaa glovu, vidole ganzi, hizo aunsi nane nitazihisi na nini? Akanyamaza, halafu akasema "lakini ndo za kisasa". Nikachukua Timney ya paundi moja na nusu mpaka nne, kama dola mia na hamsini na kitu hivi, na kodi juu. Angalieni tu iwe ya modeli yenu, na muulize kile kitufe cha kuachia bolti kinakuja nayo au la, maana kuna zinazouzwa bila.

Kuitoa ya zamani ni pini mbili tu, hakuna kazi. Kazi ni kurudisha. Pini mojawapo haishiki triga peke yake, imeshika pia kizuizi cha bolti na kaspringi kake kembamba, na ukiivuta tu vyote vinakuwa huru. Kangu kaliruka. Nilikasikia kamegonga friji, halafu kimya. Nikalala chini na tochi ya simu, nikatoa friji, nikakuta vifuniko vya soda, penseli na kitunguu cha enzi, springi hamna. Mwanangu wa kiume ndo alikaona, kamekaa juu ya slipa yangu mwenyewe. Kuanzia hapo kila kitu nikafanyia ndani ya mfuko wa nailoni mkubwa unaoonyesha, mikono miwili ndani, kikiruka kinabaki humo humo.

Bado haikuingia. Ukilenga tundu la triga, kizuizi kinahama, ukishika kizuizi springi inachomoka, na mke wangu amesimama mlangoni anauliza kama mikono mingine miwili itasaidia au itaongeza lugha chafu tu. Ndipo nikapata akili hii, na naomba mnipe sifa zangu: nikakata kipande cha msumari, nikakipiga msasa mpaka kikapita kwenye tundu bila kulazimishwa, nikakipitisha kikashika kizuizi na springi mahali pake, halafu nikaja na pini halisi upande wa pili nikawa nausukuma ule msumari taratibu. Pini inaingia, msumari unatoka, hakuna kinachopata nafasi ya kuhama. Baadaye nikaambiwa mafundi wana kapini kao maalum ka kazi hiyo hiyo. Sawa, mimi nilikagundua jikoni.

Kupima uzito pia sikununua mashine. Risasi zote nimezipeleka chumba kingine, nimekagua chemba kwa macho na kwa kidole, nikasimamisha bunduki mtutu juu, nikaifunga isianguke, nikatundika chupa ya plastiki kwenye triga kwa waya wa henga, nikawa namimina maji kwa kikombe pole pole. Ikisema tak! unachukua chupa na waya wake unaweka kwenye mzani wa unga. Triga ya zamani niliipima hivyo kabla sijaitoa, na chupa ya lita moja na nusu ilijaa pomoni haikufyatuka, ikabidi nitafute dumu la mafuta ya kupikia. Hii mpya inatoka kiwandani imewekwa paundi tatu hivi. Nikalegeza skrubu ya uzito nikaishusha mpaka chini ili nimridhishe shemeji, nikavaa glovu, nikajaribu tupu. Ikafyatuka wakati kidole ndo kwanza kinatafuta pa kukaa. Nikarudisha juu mpaka paundi mbili na nusu, ni kilo moja na gramu mia na kidogo, yani lita ya maji na ushee. Pima mara kadhaa, usiamini ya kwanza. Skrubu ya jino sikuigusa na wewe usiiguse. Juu ya skrubu ya uzito nikaweka tone la rangi ya kucha ya mke wangu kwa kijiti cha meno ili isihame, tone kweli, lisichuruzike ndani.

Halafu ndo kuipiga piga, ikiwa tupu bado. Funga bolti kwa nguvu, tena na tena. Weka sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, toa sefti, kigongeo kisianguke. Gongesha kitako kwenye zulia, gonga pembeni kwa nyundo ya mpira. Kigongeo kikianguka hata mara moja, uzito haujatosha au triga imekaa vibaya, unarudi mwanzo. Changu hakikuanguka. Mbao ya kitako ilikuwa inagusa mkono wa sefti, nikaikwangua kwa msasa.

Ukishatoa kitako, kalenge upya, usiende porini hivi hivi. Yadi mia, zile risasi zangu zilizokuwa zinakimbilia kulia sasa zinakaa pamoja, kumbe nilikuwa naisukuma bunduki nzima kwa kuvuta ule uzito. Na uzito wenyewe haukuwa tatizo kubwa kama kule kuburuza, hii inakatika ghafla safi, paundi mbili na nusu hata sizisikii.

Shemeji kaja kuijaribu, kavuta, katulia, kavuta tena. Kasema ni nzito kidogo. Wiki iliyofuata kanitumia picha ya bunduki yake imefunguliwa mezani, anauliza springi ndogo ya kizuizi huwa inaangukia wapi.